Dereva wa Pamba na Vigari vya Katuni

Baba yangu,

Mwadila. Nakusikia ukiijibu salamu yangu, "mwadila, mayu," kwa ile sauti yako ya kukwaruza, halafu unauliza kama mvua imenyesha. Imenyesha kidogo, baba. Huku Mwanhuzi ninakofundisha mvua haijawahi kuwa na haraka.

Nakuandikia waziwazi, na barua hii isomwe na yeyote, hasa na sengi. Kwa wasiotujua, sengi ni shangazi yangu, dada yako, na mdomo wake unaujua. Juzi kwenye harusi ya binti wa kaka Masunga alisema tena mbele ya wakwe: "Huyu Minza alimwacha baba yake mgonjwa na vikatuni, akaenda zake kusoma." Watu wakacheka. Nikaendelea kula pilau yangu. Amekuwa akiyasema hayo tangu tulipokuzika. Bariadi yetu imepata lami, imepata na mkoa wake, na yeye bado anayasema. Tatizo ni kwamba sengi hajawahi kuishika ile padi ya gemu hata siku moja. Basi acha nieleze lile gemu lilikuwaje, maana asiyelijua hawezi kujua ulichonifanyia.

Ulikuwa dereva wa lori la ushirika. Msimu ukifunguliwa ulikuwa unazoa pamba kwenye maghala ya vijijini, unaipeleka kwenye kinu, kisha unabeba marobota mpaka stesheni ya Malampaka. Nilipokuwa mdogo ulinipandisha mara moja ukaniita utingo wako, nikavimba kichwa wiki nzima. Kisha biashara ikaachiwa huru. Wakaja wanunuzi binafsi na malori yao na madereva wao vijana, na malori ya ushirika yakaegeshwa mpaka majani yakaota kwenye injini. Ukabangaiza siku kwa siku, leo lori la huyu, kesho la yule. Asubuhi moja ulikuwa unafunga kiatu, ukaanguka. Ulipoamka hospitali, mkono wa kulia na mguu wa kulia vilikuwa vya mtu mwingine.

Mama alikuwa ameshatutoka. Ukoo ukakaa kikao sebuleni. Wanasema asiyekuwepo na lake halipo, lakini mimi nilikuwepo, jikoni, napika ugali wa kikao chenyewe, na nilisikia kila neno. Masunga ana familia na biashara yake Mwanza. Sengi ana mji wake Binza. "Minza je?" Sauti ya sengi: "Minza si yupo tu." Nilikuwa nimechaguliwa chuo cha ualimu Tabora, begi langu liko tayari chini ya kitanda. Wakasema chuo hakikimbii, nitaenda baba akipata nafuu. Wote walijua ile haikuwa ya kupata nafuu.

Hivyo ndivyo tulivyofungiwa wawili, wewe na mimi, katika chumba kimoja chenye dirisha linaloangalia barabara. Nakuosha, nakulisha, nakugeuza. Msimu wa pamba ulipofika malori yakaanza kupita, na wewe kitandani ukiyasikiliza: hili gia ya tatu imechoka, huyu dereva anaua klachi. Siku ya pili ukaniambia, "Funga dirisha." Nikafunga. Likakaa limefungwa msimu mzima, joto la kutoa jasho kwenye nyusi, na wewe umegeukia ukutani. Nilikuchukia siku nyingine, baba. Nilikaa nyuma ya choo nikalia, nikanawa uso, nikarudi na uji. Ulikuwa unajua, kwa sababu siku hizo ulikunywa uji wote bila kubishana.

Ndipo Masunga akaja na televisheni na mashine ya gemu kutoka kwenye bidhaa zake za mitumba. "Ya kumchangamsha mzee," akasema, akalala siku moja, akapanda basi. Sidii ya mchezo ilikuwa moja tu: mbio za vigari vya katuni, na wanyama ndio madereva. Kuku mwenye miwani. Mamba amevaa kofia ngumu. Nguruwe mnene aliyejaa kwenye kiti mpaka magurudumu yamelala. Ukatazama, mdomo wako ulioanguka upande mmoja ukatetemeka, nikadhani kifafa.

"Huyu nguruwe leseni kapewa na nani?" ukauliza.

Ulikuwa unacheka. Nilikuwa nimesahau kicheko chako kinafananaje.

Tatizo likajitokeza palepale. Padi ile inataka mikono miwili: kushoto kuna usukani, kulia kuna mafuta, breki na kitufe cha kurusha silaha. Wewe ulikuwa na mkono wa kushoto tu. Tukajaribu hivi na vile, mwisho nikakaa upande wako uliokufa, padi ikawa katikati yetu. Wewe usukani, mimi mafuta. Ulinifokea kama unavyofokea utingo: "Achia! Kona hiyo, achia! Sasa kanyaga, kanyaga moto!" Mwanzoni tuligonga kila kitu. Baadaye kidole changu kikajua kona kabla hujasema. Hapo tukawa dereva mmoja, na ninakiri ilikuwa tamu. Ila ilikuwa na maana kwamba sasa hata mchezo huwezi kuucheza bila mimi, na mimi hata kwenda kisimani siendi bila kuitwa, "Minza, njoo, wanaanza."

Ulilikagua lile gemu kama lori jipya. Mbio moja moja ulisema ni za kupotezea muda. Uliyoyapenda ni mashindano ya kombe, njia nne mfululizo na pointi zinajumlishwa, kwa sababu ukivurunda ya kwanza unaweza kujikomboa ya pili. Kasoro yake uliiona mapema kuliko mimi: anayeongoza hapewi silaha yoyote ya maana, na waliobaki nyuma wanapewa makombora. "Ukitangulia kidogo tu wote wanakupiga," ukasema. "Aliyetunga hii ameishi Bariadi." Breki ulizisifia. Njia ya theluji uliipinga, ukasema mtu mwenye akili hapitishi gari hapo, angesubiri barabara ikauke.

Kulikuwa na aina ya kushindana na saa. Unakimbia peke yako, na mzunguko wako bora wa nyuma unatokea kama kivuli cha kigari, uufukuze. Mimi niliiona ya ajabu. Wewe ulicheza mara moja, kivuli kikakuacha kwenye kona ya pili, ukakinyooshea kidevu.

"Yule ni nani?"

"Ni sisi, baba. Sisi wa jana."

"Zima," ukasema. "Wa jana namwona kila siku, hapa kitandani. Sina haja ya kumfukuza."

Halafu vita. Humo hakuna barabara, ni uwanja wenye kuta pande nne, mnazunguka mkipasuliana maputo mpaka abaki mmoja. Mimi nilivipenda kuliko vyote, nilikuwa na watu wengi wa kupasua siku zile, na wa kwanza ni sengi. Wewe ulikataa kabisa. "Hili zizi," ukasema. "Kwenye zizi mimi nimo tayari." Na ile ya wachezaji wawili, kioo kinagawanywa na kila mtu ana kigari chake, hatukuifungua kamwe. Padi ya pili ilibaki kwenye mfuko wake wa nailoni. Niliitazama sana padi ile. Sikukuambia, lakini nilitamani kigari changu mwenyewe, hata nigonge.

Msimu ukaisha, mwingine ukaja na dirisha likafungwa tena. Ndipo Masunga akaleta habari kwamba Tabora wangenipokea mwaka ule, ila mwakani hapana, utaratibu unabadilika. Ukaita kikao mwenyewe. Sengi akaja kutoka Binza na kanga zake mbili na hasira yake.

Kabla hajafika, nilikuona na jambo ambalo hukunieleza. Ulikuwa unanituma sokoni kila siku, leo chumvi, kesho tena chumvi. Nikirudi nasikia televisheni ikizimwa.

Sengi alipoketi ukamwambia uamuzi wako: Minza aende, dada uje ukae hapa, wewe ni mjane na nyumba ni ya ndugu yako. Sengi akaruka. "Mzee mwenyewe kile kimchezo chake hawezi kukicheza bila Minza kumshikia! Ataishije?"

"Washa," ukaniambia.

Nikawasha, nikakaa upande wangu. Ukasema, "Toka hapo." Ukavuta kutoka chini ya mto ukanda wa mpira wa tyubu. Ukauzungusha kwa mkono wa kushoto, ukaukaza kwa meno, mpaka kidole gumba chako kilichokufa kikafungwa juu ya kitufe cha mafuta. Hakikuweza tena kutoka hapo. Mafuta yamejaa muda wote, breki hakuna, silaha hakuna, ni usukani tu. Dereva uliyekuwa unasifia breki. Ukakimbiza kuku wako mwenye miwani mizunguko mitatu, ukigonga kila kona, ukamaliza wa mwisho.

"Wa mwisho!" sengi akacheka.

"Nimemaliza," ukasema. "Kupika utapika wewe, dada. Huyu nilimhitaji kwa hiki duhu, hiki tu. Sasa simhitaji."

Simhitaji. Ulilisema ukiangalia kioo. Baba, neno lile lilinichoma. Nimekuosha, nimekugeuza, mchana na usiku, kumbe nilikuwa kidole gumba? Nikavuta begi chini ya kitanda kwa hasira, na hasira ndiyo iliyonibeba mpaka asubuhi ya kuondoka.

Asubuhi ile sengi alikuwepo mlangoni, ndiyo maana anaisimulia. Anasimulia sawa, kwa jinsi anavyoijua. Ulikuwa umekaa kitandani, padi imefungwa mkononi, televisheni inanguruma. Nikasema, "Baba, naenda." Hukugeuka. Nikasema tena. Ukasema, "Nenda, ng'wanawane, niko kwenye mbio," macho kwenye kioo. Sengi akasonya: mzee amenogewa, hata mwanae hamuagi.

Lakini sengi alikuwa anakuangalia wewe. Mimi nilikuangalia wewe, halafu nikaangalia kioo, kwa sababu nimekaa mbele ya kioo kile misimu yote ile na najua mbio zinafananaje.

Hukuwa kwenye mbio, baba. Kigari chako kilikuwa kimegota ukutani, kwenye kona ya kwanza kabisa. Mafuta yamejaa, magurudumu yanazunguka, pua imekandamizwa kwenye matofali. Nguruwe akapita. Mamba akapita. Wakazunguka wakapita tena. Na kidole chako cha kushoto, kile kizima, kilikuwa kimelala pajani, hakigusi usukani. Ulikuwa unaangalia ukuta tu, kwa nguvu zako zote, ili usiniangalie mimi.

Kama ungegeuka, nisingeondoka. Ulijua hivyo, na mimi nilijua unajua. Nikachukua begi.

Ulikufa nikiwa sijamaliza chuo. Sengi alikuosha mpaka mwisho, na kwa hilo namshukuru, wabeja sana sengi, sijasema vya kutosha. Ila usiseme tena kwamba nilimwacha.

Pumzika, baba. Wanafunzi wangu wananisubiri.

Mwanao,
Minza