Kuuliza Mtaa wa Omaha

Jumapili jioni, Kiwalani. Joto la kukaa na fulana tu, feni inageuza kichwa kama mtu anayekataa kila anachoambiwa, na mie nina furaha ambayo sijui niiweke wapi. Basi naiweka hapa.

Leo nimeuliza habari za kijana katika mtaa ambao sijawahi kuukanyaga, katika mji ambao mwezi uliopita ungenitajia ningedhani ni dawa ya meno. Mji unaitwa Omaha.

Nieleze vizuri. Mpwa wangu Zuhura, binti wa dada yangu, ameposwa. Kijana anaitwa Idrisa, mtoto wa Buguruni, aliyekwenda Marekani kusoma akabaki huko kufanya kazi. Wamejuana tangu sekondari na wametunzana kwa simu miaka yote hiyo. Sasa kwetu barua ya posa ikiletwa, haijibiwi mpaka mtaa uulizwe. Mtu mzima wa familia anavaa vizuri, anakwenda mtaani kwa kijana, anajifanya ananunua nyanya, halafu anadokeza. Mtoto wa fulani vipi? Anasalimia watu? Hanywi? Muuza genge hana sababu ya kukudanganya, maana biriani la harusi yako hali yeye.

Dada yangu Mwanaidi alikwenda Buguruni mwenyewe. Akarudi na nyanya nyingi na sifa nyingi zaidi. Nikajua mambo yamekwisha. Yeye akavua viatu, akakaa, akasema:

"Buguruni wanamjua mtoto. Huyu mtu mzima yuko Omaha. Omaha kaulizwa nani?"

Shemeji yangu, ambaye ndiye baba wa binti, alishasema ndiyo tangu siku barua ilipofunguliwa. Lakini ndiyo ya nyumba ile hutokea jikoni. Shemeji mwenyewe analijua hilo, na nadhani ndiyo siri ya ndoa yake kudumu.

Kazi nikapewa mie. Mie ni fundi friji, na Kiingereza nilijifundisha mwenyewe kwa kusoma vile vijitabu vya maelekezo vinavyokuja na friji. Ni Kiingereza chenye nguvu sana upande wa milango na gesi. Familia yote inaamini kinatosha kwa dunia nzima, nami sijawahi kuwasahihisha.

Nikaanza kuusoma Omaha.

Nikaupenda, sifichi. Uko katikati ya Marekani, mbali na bahari zote mbili, ukingoni mwa mto mkubwa wa maji ya tope uitwao Missouri. Ukivuka daraja tu, uko jimbo jingine. Jina lenyewe ni la wenyeji wa asili, na wanasema maana yake ni watu wanaokwenda kinyume na mkondo wa mto. Reli ya kwenda magharibi ilianzia pale, kama yetu inavyoanzia hapa mjini kwenda bara. Na kilichonimaliza kabisa: ulikuwa mji wa ng'ombe. Waliletwa kwa treni, mnada wao ukawa miongoni mwa mikubwa duniani, na wageni wa kila taifa wakaja kuchinja na kukata nyama. Mie ambaye nasikiaga malori ya ng'ombe yakielekea Vingunguti nikiwa kitandani, nikaona nasoma habari za jirani. Mnada ule ulishafungwa, lakini nyama bado inakatwa, na Idrisa anafanya kazi kwenye ghala la baridi la nyama hiyo. Mtu wa mafriji. Nikaanza kuwa na upendeleo.

Kosa nililifanya juzi Ijumaa.

Nilimfungulia dada ile ramani ya kwenye simu inayokupeleka mpaka mlangoni kwa mtu. Barabara pana, nyasi zimenyolewa, nyumba za mbao zenye ngazi mbele. Nikautembeza mtaa mzima kwa kidole, kwa majivuno, kama nimeujenga mie.

Dada akavaa miwani. Akaangalia sana.

"Watu wako wapi?"

"Wako ndani, dada."

"Mtaa mzima? Nani kawafungia?"

Nikasogeza mbele. Gari limeegeshwa. Nikasogeza tena, akatokea paka. Nikamwambia haya, mmoja huyo hapo. Hakucheka.

"Hakuna baraza. Hakuna genge. Hakuna hata mtoto analia. Wee Shabani, mwanangu akishikwa na homa pale, nani atajua?"

Akanirudishia simu. Akasema posa ijibiwe hapana, ila waambiwe kwa maneno mazuri, wale ni watu wema.

Zuhura alikuwa pembeni anachambua mchele. Mchele ulikuwa umekwisha kuchambuliwa. Aliendelea kuuchambua. Hajawahi kubishana na mama yake huyu mtoto, na mie nilitamani siku hiyo angeanza.

Nilikuwa na mto, nilikuwa na daraja, nilikuwa na reli. Nikaenda kuonyesha nyasi.

Jana nilijaribu kurekebisha. Nikamsomesha dada historia ya reli kwa urefu. Akanisikiliza kwa adabu zote, halafu akauliza kama hiyo reli itampelekea mwanawe uji. Nikanywa chai yangu nikaondoka.

Ila njiani nikagundua kitu. Dada hakuwa ameukataa mtaa. Alikuwa anasema mtaa haujaulizwa. Na mtaa hauulizwi kwa picha, unaulizwa kwa mtu. Nikampigia Idrisa, nikamuuliza kama kuna jirani anayemfahamu. Akasema yupo bibi mmoja wa nyumba ya pili, mjane, anaitwa Doris. Idrisa huwa anamwondolea theluji mlangoni.

"Kesho nenda kamgongee."

"Anko, huku watu hawagongeani hivi hivi."

"Na huku watu hawaozeshi hivi hivi."

Basi leo saa kumi na moja jioni, kule kwao ikiwa asubuhi, tukakaa barazani kwa dada, Zuhura pembeni. Dada alikuwa kavaa dera jipya na mtandio, amenyooka kama mwenyekiti wa baraza la usuluhishi. Idrisa akatokea kwenye simu, nyuma yake theluji tupu, anatoa mvuke mdomoni kama birika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Mpe simu bibi."

Niliamua Idrisa ashike simu tu. Kutafsiri nitafsiri mie, maana mtuhumiwa hawezi kuwa mkalimani wa shahidi.

Bibi Doris alikuwa mlangoni kwake, kavaa joho zito la nyumbani, kikombe mkononi. Alikwisha kuelezwa habari yote na ilionekana imemfurahisha kuliko kahawa. Akasema kijana anasalimia. Anamwondolea theluji bila kuombwa. Kelele hana. Akasema na babake yeye alifanya kazi pale mnada wa ng'ombe, kwa hiyo watu wa kazi za nyama anawajua, wazuri kwa wabaya. Nikatafsiri yote, dada anaitikia kwa kichwa taratibu.

Halafu bibi akasema, kwa kuwa mmeniuliza ukweli, kuna jambo moja. Kila Jumamosi kijana anakaanga samaki, na harufu yake inaingia mpaka chumbani kwangu.

Nikasita.

"Kasema nini?" dada akauliza.

"Anasema kijana anapika."

"Shabani, bibi kasema maneno mengi, wewe umeniletea mawili. Mengine umempelekea nani?"

Nikayatoa yote. Zuhura akaangalia chini.

Dada akacheka mpaka mtandio ukamdondoka. "Anajikaangia samaki mwenyewe? Na huyu bibi anajua kila Jumamosi kimekaangwa nini? Sasa huyo ndiye jirani! Mie nilidhani hana jirani!"

Kisha akakaa sawa, akauliza lile swali lake la homa. Nikalitafsiri nikiwa na wasiwasi. Bibi Doris hakufikiri hata kidogo. Akasema dirisha la jikoni kwake linatazamana na la Idrisa, na kila asubuhi anaangalia kama pazia limefunguliwa. Baridi ya mwaka jana kuna siku halikufunguliwa. Akavaa mabuti, akavuka theluji na sufuria la supu.

"Kweli mama," sauti ya Idrisa ikasikika nyuma ya simu. "Nilikuwa na homa kali. Sikutaka kuwatia hofu."

 Dada akavua miwani, akaifuta kwa dera, akaivaa tena.

Bibi akaomba na yeye aoneshwe mtaa wetu. Haki yake. Nikageuza simu. Watoto na mpira wao, mama wa mihogo, vijana wa bodaboda, mabibi wawili mlango wa pili waliokuwa wanasikiliza bila kujificha, na ndege kubwa ikapita juu ya mabati ikienda kutua. Bibi Doris akauliza watu wote hawa wanafanya nini nje.

"Mwambie wanatuangalia sie," dada akasema.

Halafu akageukia mlangoni, akapaza sauti: "Baba Zuhura! Wajibu wale watu. Waambie waje."

Sauti ya shemeji ikatoka ndani, haina haraka: "Nilishawaambia waje Jumapili ijayo."

Sijawahi kumheshimu shemeji kama leo. Mabibi wa mlango wa pili walipiga vigelegele kabla hata ya sie wenye shughuli. Zuhura alimkumbatia mama yake kwa muda mrefu, akalia, akacheka, na kule kwenye theluji Idrisa akawa anauliza "Vipi? Wamesemaje?" na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumjibu. Bibi Doris ndiye aliyemwambia. Alielewa bila mkalimani.

Sasa nimerudi kwangu na dada ameshapiga simu. Anataka Bibi Doris apelekewe doti ya khanga, zawadi ya jirani kwa jirani, na maneno yaliyoandikwa juu yake nimtafsirie mie. Nimezipitia kichwani khanga zote ninazozijua. Hii inamsuta jirani mbea, ile inamchamba mke mwenza, nyingine inamwambia mtu aache kuchungulia madirisha ya watu.

Kesho nitazunguka maduka ya Buguruni kutafuta khanga isiyomsema mtu. Hivi zinatengenezwa?