Ndege wa Senti Ishirini

Chapwa, Tunduma

Mjukuu wangu Atupele,

Sisi hatujambo. Mama yako amemaliza kuvuna maharage. Baridi inanibana magoti, ila kanisani bado nafika kabla ya mchungaji.

Umeniuliza ufanyeje na ile sarafu ya kale, ya mji uliotawaliwa na Warumi. Mwalimu wako huko Uturuki anasema ndege aliyechorwa ni tai, wewe unaona tausi, na picha yenyewe imelika.

Nilipokuwa msichana niliokota sarafu shambani, imelika hivyohivyo. Shangazi yangu, aliyeolewa Nakonde ng'ambo ya mpaka, akasema papo hapo, "Huyu hondohondo, ndege wa hela yetu ya Zambia." Nikabisha kwamba ni mbuni wa senti ishirini yetu. Tulibishana mpaka ugali ukapoa. Nikachota majivu niisugue, baba akanishika mkono.

"Utafuta hata kilichobaki."

Akaweka kidole gumba juu ya kichwa cha yule ndege. "Chini ya kidole mnaona nini?"

"Miguu mirefu," tukajibu pamoja.

Shangazi akaangua kicheko. "Hondohondo hana miguu hii!"

Kumbe kila mmoja wetu alikuwa ametaja ndege wa kwao kabla ya kutazama.

Kwa hiyo usiisugue. Funika kichwa, utazame mkia. Ukiwa wa tausi, sema ni tausi, kwa adabu lakini usikike. Mwalimu akishikilia tai, mpe sarafu, umwombe naye aweke kidole.

Bibi yako anayekuombea