Ndizi za Kicheko

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Dada Vipimo, ndivyo ninavyoitwa mtaani. Umri: miaka 43. Kazi: mpimaji wa mionzi katika vyakula na vinywaji, maabara. Makazi: nyumba za wafanyakazi, nyuma ya maabara.

Afande, andika kama ninavyosema, usinipambie. Kicheko, muuza ndizi mliyemfungia humo ndani, ni mdogo wangu, baba mmoja mama mmoja.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, asubuhi, maabara yetu ilialika watu wa mtaani waje waone tunavyopima. Maji, maziwa, maharage, vyote tunapima. Siku hiyo nilichagua ndizi, kwa sababu zina madini ya potasiamu, na sehemu ndogo ya madini hayo hutoa mionzi yenyewe, tangu dunia iumbwe. Haimdhuru mtu. Nilitaka washangae kidogo, kisha waache kuogopa. Kazini kwetu kila sampuli lazima iandikwe ilikotoka, basi nikaandika: NDIZI ZA KICHEKO. Mchoro wa mionzi ukapanda kwenye skrini, jina lake juu yake. Mama mmoja akapiga picha. Nikamwambia, "Hata wewe mama, tukikupima, mionzi utakutwa nayo." Wakacheka wote. Na mimi nikacheka, mjinga mimi.

Kesho yake mchana mdogo wangu alinipigia simu. "Dada, umewaambia nini watu? Picha imezagaa kwenye simu, wanasema nauza sumu."

Nikamjibu, "Achana nao, watachoka wenyewe."

Jamani! Jioni nilipofika sokoni mkokoteni wake ulikuwa umelala ubavu, ndizi zimekanyagwakanyagwa, naye yuko chini, ameziba uso kwa mikono. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka: hazina neno, hazina neno! Mwanamume mmoja akaniambia, "Mashine yenu wenyewe ndiyo imesema." Mliomwokoa ni nyinyi polisi, nashukuru, lakini mkamtia ndani kama muuaji.

Leo nimempelekea chakula, amekataa. Amenishika mkono kwenye nondo, akaninong'oneza, "Dada, niambie ukweli. Wanangu nimewalisha hizo hizo."

Hata yeye ameamini, afande! Na watu wako pale getini wanamsubiri, umewaona mwenyewe. Akitoka bila mtu mwenye sare kuwaambia kwamba ndizi hizi ni kama ndizi nyingine zote, wataniulia mdogo wangu. Mimi hawanisikii tena. Wewe watakusikia. Nakuomba, nakupigia magoti.

Niliyoyasema nimesomewa, ni yangu yote, na sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika mimi na kumsomea shahidi, naye amekubali. Baada ya kutia sahihi alitoa ndizi mkobani, akaimenya, akala nusu mbele yangu. Nusu ya pili alinipa, akaniomba nikaile getini watu wakiona. Nilimwambia nimeelewa maelezo yake yote. Nusu hiyo bado ipo mezani kwangu.