Bonyeo la Mlango wa Kushoto

Tonton Gaspard,

Nilitaka kuanza na neno "mpendwa", mkono ukagoma. Tangu uhamie Opala baada ya matanga ya papa, hukanyagi tena Kisangani, na habari za gari lake nataka uzipate kwangu, kabla hujazisikia bandarini.

Nimeliuza.

Unakumbuka Jumapili zetu za mtaani Mangobo? Wewe na papa, kaka yako, mlikuwa mnalisukuma nje ya kibanda lile gari la mashindano, mimi nimekaa kwenye kiti kilichochanika, najifanya nakata kona. Wewe ndiye uliyenifundisha kusikiliza injini. Ulikuwa unanisogeza karibu na boneti na kuniuliza, "Iko na kikohozi ao hapana?" Nilikupenda sana, Tonton. Nisingekupenda, hasira hii ingekuwa imeshapoa.

Halafu ikaja ile siku ya mazoezi, barabara ya Buta, karibu na daraja la Lindi. Papa alikupa usukani. Mimi na mama tulikuwa kando ya njia na sufuria yetu ya mboga ya pondu, tukaona gari linaingia mtaroni na mlango wa kushoto unabonyea, tukaona na aliyetoka upande wa dereva akinuka pombe ya lotoko. Lakini wenzenu wa chama cha mashindano walipouliza, papa alijibu kwamba dereva alikuwa yeye. Jioni alinivuta pembeni, akaniita mama kama alivyozoea.

"Nyamaza, mama. Bibi ya Tonton iko na mimba. Wakimufukuza kwa kazi ya udereva, batakula nini?"

Chama kikamkataza kuendesha kwenye mashindano. Mtaa mzima ukampa jina la Papa Mutaro, naye akalicheka miaka yote, kicheko ambacho mimi sikukipenda. Hata hapo ningekusamehe. Ila kwenye matanga yake, maiti ikiwa bado ndani ya nyumba, nilikusikia ukiwaambia wageni huku unakula wali wetu: "Bon, Papa Mutaro amefika kwa mutaro ya mwisho." Wakacheka. Tangu hapo nilikuwa naitafuta siku yako.

Nawe ukanirahisishia kazi. Uliposikia nauza, ulianza kueneza maneno kwamba gari limepinda, ili watu walikimbie na wewe ulichukue kwa bei ya chuma chakavu. Umesahau kanuni mliyoiweka wewe na papa. Kwetu gari la mashindano haliuzwi kwa kunong'onezana. Linawekwa mbele ya wapenzi wote wa mashindano, injini inawashwa ikiwa baridi, bei inatajwa kwa wote, kisha muuzaji anaweka mkono juu ya kila ugonjwa wa gari na kusema ulitoka wapi. Akiulizwa, anajibu. Wa kwanza kunyoosha mkono baada ya kusikia yote, gari ni lake. Anayeficha kitu hauzi tena hapa mjini.

Basi nililiosha tu, sikulipaka rangi. Lilikohoa, likawaka. Nikaeleza ya kabureta, nikaeleza ya breki. Nilipoweka mkono kwenye lile bonyeo la mlango wa kushoto, mkwe wako Didier, ambaye ulimtuma aje akununulie, akashuka kwenye baiskeli ya toleka, ile ya kubeba abiria, na kuuliza kwa sauti, kama ulivyomfunza, nadhani, maana ulijua nitamtaja marehemu kuwa dereva.

"Alors, hapa ilianguka kwa mutaro, si ndiyo? Nani alikuwa anaendesha?"

Sikupandisha hata sauti. "Tonton Gaspard," nikasema. "Alikuwa amelewa. Papa alimubebea kosa."

Mama, pale kwenye benchi, akasema ndiyo, hata yeye alikuona. Didier akaangalia viatu vyake. Mmoja wa wazee walioshindana na papa zamani akavua kofia na kuishika boneti kama anavyomshika mtu begani. Nililia. Nilifurahi pia, furaha mbaya, ya kisasi, na mpaka leo ninayo na siitubu.

Mkono wa kwanza ulikuwa wa Papa Issa, muuza mchele. Hakubishana juu ya bei. Aliuliza tu kama namjua fundi wa kunyoosha mlango. Nilimwomba auache ulivyo, na mtu yeyote akiuliza kilichotokea, amweleze kama nilivyoeleza mimi. Akakubali mbele ya wote. Akasema ataliegesha gari mbele ya duka lake kila siku, maana kitu kizuri hakifungiwi ndani.

Sikumchagua mimi, Tonton. Kanuni yenu ndiyo iliyomchagua. Duka la Papa Issa unalijua vizuri kuliko mimi, liko hapo Opala, mkabala na mlango wako, na gari limeshapakiwa kwenye boti.

Kaa salama, kama utaweza.

Mtoto wa kaka yako