Kocha Hamuulizi Bondia

Shoga, hebu sikia! Leo mimi na wifi tumemsindikiza kaka yangu mazoezini, kavaa glavu tayari, kuomba ruhusa ya kurudi ulingoni, wiki tano tu tangu apigwe akazimia.

Kumbe kocha wao hamuulizi bondia. Anamuuliza anayeishi naye! Akamgeukia wifi: "Shemeji, kichwa bado kinamuuma?"

Kaka akamkazia mkewe macho. Pambano ni Jumamosi. Mimi naomba kimoyomoyo, ee Mungu, mpe wifi ujasiri.

Wifi akamtazama kocha. "Mpaka leo anakula gizani. Anasema taa inampasua kichwa."

Kasema kweli, shoga! Mbele ya wote!

"Umenimaliza, mke wangu!"

"Heri nikumalize mimi kuliko huyo wa Jumamosi," wifi akajibu, huku akimvua glavu.

Kaka akamnyooshea na mkono wa pili.