Mama Divine, Samaki Wanalala Kama Maharagi Yako

Bunia, Rwambuzi, Jumapili baada ya misa ya kwanza. Huu ni msimu wa nne wa mahindi tangu nitoke nyumbani.

Mpendwa Mama Divine,

Barua hii sitaifunga. Siku ya kutosha majivu ya kilio chako, kuyaondoa mbele ya nyumba, nitaisoma kwa sauti mbele ya ndugu zako, na mwenye neno aseme. Mwandiko wangu ni wa darasa la tano, unaujua. Wewe ndiye uliyekuwa ukinisahihisha, hata katika barua nilizokuandikia wewe mwenyewe.

Leo asubuhi nilikumbuka kikapu chako kikubwa, kile chenye mkono mmoja uliokatika. Chini uliweka majani makavu ya migomba, juu yake bulangeti kuukuu la mama yako. Maharagi yakishachemka kidogo uliitoa sufuria motoni, ukaizungushia bulangeti, ukaibana kwa majani, ukafunika kwa mto wetu wa kulalia. Kisha ulizika makaa ndani ya majivu, ukachukua jembe. Tuliporudi toka shambani maharagi yalikuwa yameiva, yana moto wa kuunguza ulimi, na hapakuwa na mtu aliyeyachochea.

Jirani yetu Mama Chantal alikuwa akisimama mlangoni kukucheka.

“Eh, Mama Divine! Uko nalalisha maharagi kama mutoto? Utayanyonyesha saa ngapi?”

Nawe ulijibu bila kuinua kichwa: “Yangu inalala bila kulia. Yako njo inalia siku nzima, inaomba kuni.”

Watu walidhani ni ubahili. Mimi nilijua. Kila mzigo wa kuni ambao haukuchomwa ulikuwa safari moja ya porini ambayo hukuifanya, na porini ndiko walikopita watu wenye silaha.

Nilipoondoka kuja kutafuta kazi ya mikono hapa Bunia, ulinisindikiza mpaka njia ya Bambu. Ulisema, “Usirudi na mugongo umevunjika. Kitanda yetu haibebi wagonjwa wawili.” Mgongo haujavunjika. Umechoka tu. Nilibeba mawe Shari, nikachanganya simenti, nikalala kwenye viwanja vya watu, ndipo nikachukuliwa kujenga ukuta wa Madame hapa Rwambuzi. Ukuta ulipokwisha aliniambia nibaki.

Madame ni mjane, miguu yake imevimba, watoto wake wako mbali. Marehemu bwana yake aliuza vitambaa, akisafiri mpaka pwani. Safari moja alirudi kwa ndege akiwa na samaki wa bahari ndani ya mifuko ya plastiki, na mawe yenye uhai ambayo Madame anayaita korai. Yanafunguka asubuhi kama maua na jioni yanajikunja. Ungeyaona ungepiga ishara ya msalaba. Vyote vinakaa sebuleni ndani ya sanduku refu la kioo, kwenye maji ya chumvi. Safari iliyofuata mzee aliugua hukohuko pwani, akazikwa huko. Kaburi lake Madame hajaliona. Ana sanduku hili tu.

Kazi yangu ikawa kulitunza. Kulikuwa na taa kubwa, pompi kadhaa, na chuma cha kupasha maji moto, kwa sababu unajua baridi ya Bunia, na viumbe hao wametoka kwenye maji ya uvuguvugu. Vyote vilikula umeme wa grupi, ile mashine inayonguruma uani, nayo ilikula mazutu, mafuta yake, bila kushiba.

Simu ya mama yako ilinikuta mkono wangu ukiwa majini mpaka begani. Alisema, “Bwana ya mutoto wangu, ikala kwanza chini.” Nikajua.

Alinieleza kwamba Mama Chantal alikuwa amejifungua alfajiri, na hapakuwa na maji ya moto ya kumwogesha wala kuni za kuyachemsha. Wewe, ambaye kuni zako chache zilitosha maharagi tu, ndiye uliyechukua panga na kamba. Ulisema utarudi mara moja. Majirani walikukuta kando ya njia, huna uhai tena, na mzigo ulikuwa umefungwa vizuri, kama ulivyofunga siku zote.

Barabara ilikuwa imefungwa kwa vita. Sikukuzika. Madame alitandika mkeka uani, akavua viatu, akakaa nami chini pamoja na miguu yake hiyo. Alituma kuwaita mama wa kanisa, wakakulilia kwa jina lako, watu ambao hawajakuona hata siku moja. Aliniambia, “Lia, mutoto wangu. Hata mimi sikumuona wangu akishuka ndani ya udongo. Tulie pamoja.”

Nilimweleza Madame desturi yetu: mwanamke akifa, moto wa kilio unawashwa mbele ya nyumba yake, na ukizimika majivu yanabaki palepale mpaka bwana yake aje kuyachota kwa mikono yake na kuyapeleka shambani. Majivu yasipotoka, kilio hakijaisha. Mama yako ameyafunika kwa bati ili mvua isiyachukue. Na Divine wetu hawezi kusukwa nywele wala kuvaa nguo ya rangi mpaka nifike. Kila akishika simu ananiuliza jambo moja: “Papa, nywele yangu itasukwa lini?” Anauliza taratibu, kama anayeogopa kunisumbua. Ingekuwa afadhali angepiga kelele.

Halafu malori ya mazutu yakaacha kuja. Grupi ikanyamaza. Asubuhi moja nilikuta kioo ni baridi kama jiwe la mtoni, samaki wamejibanza pembeni, korai zimejikunja. Madame alisimama akiangalia, akasema, “Baba Divine, tumwage tu. Hata watu wanakosa moto, siye tunatafutia samaki?” Alisema kweli. Lakini alikuwa ameshika kile kioo kwa viganja vyote viwili, kama mtu anayeshika uso wa mgonjwa.

Ndipo nikakiona kikapu chako, wazi kabisa, kama kiko mbele yangu. Nilikusanya makaratasi na majani makavu ya migomba, nikayabana nyuma na ubavuni mwa sanduku. Nikaweka kioo juu kama kifuniko, nikalizungushia bulangeti langu, nikaacha mbele tu.

Madame akashangaa. “Weye uko na wazimu? Samaki na bulangeti?”

“Madame, hata maharagi yanafunikwaga.”

Akacheka mpaka akashika ukuta. Nami nikacheka, kisha kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, nikatoka nje.

Bulangeti peke yake halikutosha. Tulichota maji tukayahifadhi kwenye mapipa ili sanduku liwe jepesi, tukalisogeza dirishani ili jua lifanye kazi ya taa. Kwanza nililiweka linakotua jua, na kioo kikajaa utelezi wa kijani. Nikalihamishia dirisha la asubuhi, ukapungua. Chini kuna sanduku dogo ambamo maji yanasafishwa, na pompi ilikuwa ikiyasukuma kupanda mbali. Mbeba mawe anajua kwamba mzigo unachosha zaidi ukiupandisha juu. Nikajenga tofali, nikaliinua lile dogo karibu na lile kubwa, na pompi moja ndogo ikatosha. Inavutwa na plake moja ya umeme wa jua na batri ya gari. Chuma cha moto tunakiwasha kwa grupi tukipata mazutu, kidogo tu, asubuhi za baridi kali. Chakula nimepunguza, maana kinachobaki kinaoza na kuchafua maji.

Sikuokoa vyote. Korai zenye matawi membamba ziligeuka nyeupe, zikafa. Zilizobaki ni zile laini za rangi ya udongo, na samaki wa rangi ya machungwa. Madame alizika zile nyeupe chini ya mpera uani, hakutaka zitupwe.

Nikutajie kinachoniuma, Mama Divine. Ninapoweka mkono kwenye maji hayo na kuyakuta na uvuguvugu bila kuni, nafikiri sufuria moja tu ya maji iliyolazwa jioni ndani ya kikapu ingetosha kumwogesha mzazi alfajiri. Ulikuwa nacho nyumbani. Mama Chantal hakuwa nacho kwake, na maumivu yalimshika ghafla. Mama yako anasema kwamba sasa Mama Chantal amesuka cha kwake, na kila jioni analaza maji. Hacheki tena. Mtoto wake amempa jina lako.

Ndugu zako watauliza kwa nini sikuja barabara ilipofunguka. Nawajibu: ningemwachaje Madame, aliyekaa nami kwenye mkeka, ili aamke na kukuta kitu cha mwisho cha bwana yake kinaelea? Sanduku lilikuwa bado linahitaji mikono yangu kutwa. Kwa hiyo nilifanya kazi ya kulifanya lisinihitaji. Kila nilipopunguza umeme, nilikuwa napunguza na njia ya kuja kwako.

Nilimfundisha Madame mambo machache: kushusha bulangeti jioni, kulipandisha jua likitoka, kuongeza maji ya mvua mahali pa yale yaliyokauka, na asiongeze chumvi, kwa sababu chumvi haikauki pamoja na maji. Juzi nilimuaga, nikaenda kulala kwa ndugu yetu huko Shari, kujaribu tu. Sikula vizuri huko. Niliporudi niliingia bila kubisha. Korai zilikuwa zimefunguka zote. Madame alikuwa ameketi kwenye kiti mbele yake, bulangeti limekunjwa magotini.

Akasema bila kugeuka, “Wamelala vizuri. Enda sasa, mutoto wangu. Enda utoshe majivu. Mimi nitabaki na yangu.”

Basi, Mama Divine, mengine nitakuambia nikiwa nimepiga magoti. Moyo wangu ni mzito, na sidhani utakuwa mwepesi nikiona lile bati na kilicho chini yake. Sijui nitaanza na mkono upi. Lakini nimemwambia Divine amtafute msusi. Naye ameniambia kwamba kikapu bado kiko kwa bibi yake, pamoja na ule mto wetu, na kwamba asubuhi nitakayopanda gari yeye mwenyewe atalalisha maharagi.

Magari yanaondoka hapa Alhamisi hii, mapema. Barabara ikiwa tulivu, nitakuwa nyumbani siku hiyohiyo, maharagi yakiwa bado na moto.

Bwana yako,
Baba Divine