Kandida Anapimwa Kichwa

Jumatatu, 14 Julai 1997

Mimi ni mtu wa bahati, wapende wasipende! Nimefika Lusaka nikiwa utingo wa lori, nimepinduka nalo mara mbili, nimerudi na meno yote. Hapa Ifakara mbu wanatula kama mchwa na mbao. Lakini nyumbani kwangu? Watoto watatu, hakuna hata mmoja aliyewahi kushikwa na degedege. Hata mmoja! Ugonjwa ukifika mlangoni kwangu unaona aibu, unapita.

Basi, leo mwalimu mkuu kaniita. Habari ya Kandida, binti yangu wa kwanza, miaka kumi na tatu, darasa la tano. Anasahau. Akifundishwa kugawanya asubuhi, mchana yote yameyeyuka. Anachapwa kila siku kwa hilo. Nikasema, Mwalimu, punguza fimbo. Akasema kuna daktari katoka Dar, yuko hospitali wiki hii, anapima akili za watoto. Mpeleke. Barua ikisema mtoto ni mgonjwa, fimbo naiweka chini. Isiposema, basi ni mvivu.

Mtoto wangu kupimwa kichwa! Watasema kichaa. Mimi ni fundi wa mashine ya mpunga, na pale mashineni maneno yanakobolewa kabla ya mpunga.

Jumanne, 15 Julai

Nimetumia akili ya barabarani. Jirani yangu Hermenegildi, mwanawe alipimwa jana. Kaja mashineni na magunia yake, foleni hadi barabarani. Nikamwambia naanza na wewe, nipe maswali. Akacheka mpaka akakaa chini. "Fundi, hata mtihani wa kichwa unaibiwa?" Lakini katoa yote. Kuna namba za kurudia, mbele na kinyumenyume. Kuna hadithi ya mama aliyepoteza kapu la kambale gulioni Mkula: mtoto anasimuliwa, baada ya nusu saa anaulizwa. Kuna vipande vya mbao vya rangi, unavipanga kama kwenye picha.

Jioni yote nimemkaririsha. Kapu la kambale! Kapu la kambale! Vipande nimechonga mwenyewe, nikavipaka rangi iliyobaki ya mlango. Yosefina, mama yake, anapepeta mchele bila kutuangalia. Nikamwuliza, mbona umenuna? "Baba Kandida, unamfundisha mtoto au unamficha?" Nikajifanya sikusikia.

Kandida naye: "Baba, nikikosa kesho utanichapa?" Mimi! Sijawahi kumgusa hata kwa kidole. Nimempa kipande cha muwa.

Jumatano, 16 Julai

Tumewafunga! Daktari ni mama mmoja mpole, Klementina, miwani puani. Kwanza fomu. Aliwahi kuumwa sana? Hapana. Kupoteza fahamu? Hapana. Degedege? Hapana — haraka haraka, kama karani na muhuri wake. Yosefina alikuwa anaangalia sakafu.

Halafu Kandida kaingia, mimi nikabana sikio mlangoni. Hadithi kaisimulia kama taarifa ya habari ya redio! Daktari katoka anashangaa. Kasema alama zake ni za mtoto mzima kabisa, kumbukumbu haina hitilafu. Kaandika barua, kapiga sahihi. Nimempakia binti yangu kwenye baiskeli, kengele njia nzima.

Alhamisi, 17 Julai

Mwalimu mkuu kaisoma barua asubuhi. Kasema vizuri sana, kumbe mvivu, na dawa ya uvivu anayo.

Kandida karudi anachechemea. Nyuma ya magoti — sitaki kuandika. Nikamwuliza, kosa gani leo? Akasema hakumbuki, labda jedwali la kuzidisha la saba. Nikamwuliza na lile kapu la kambale je? Kanitazama.

"Kapu gani, Baba?"

Sikwenda mashineni mchana. Ile barua ina sahihi ya daktari, lakini niliyeiandika ni mimi. Fimbo ile nimemkabidhi mwalimu kwa mkono wangu.

Ijumaa, 18 Julai

Saa moja asubuhi tuko hospitali, mimi, Yosefina na Kandida. Nimekiri. "Mama Daktari, tuliiba mtihani." Nikatia na utani, kwamba hata trafiki wa Tunduma hawakuwahi kunikamata. Hakucheka. Kasema atapima upya. Hadithi nyingine, namba nyingine.

Katoka peke yake baada ya muda. "Sasa naona, mzee. Hadithi yote imepotea, hata jina la mtu mmoja halikubaki. Lakini mwalimu atauliza kwa nini, na mimi nauliza. Darasa la kwanza alikuwa anafaulu, mama yake kaniambia. Kitu gani kilimpata hapo katikati? Fomu yako inasema hakuna. Barua isiyo na sababu wataitupa. Namalizia naye vile vipande, nikitoka nakuuliza mara ya mwisho."

Nipo kwenye benchi, daftari gotini. Yosefina pembeni, kauma upindo wa kanga. Angenitukana ingekuwa nafuu.

Haya, andika, mwanaume.

Masika ya tisini na tatu. Kandida alikakamaa, macho juu, povu. Yosefina alimfunga mgongoni aende hospitali, mimi nikasimama mlangoni nikamzuia. Watu wanasema mtoto wa degedege akipigwa sindano anakufa. Nikaamini — mimi niliyefika Lusaka! Tukamfukiza moshi wa kinyesi cha tembo. Siku mbili. Alipozinduka alimwuliza mama yake, wewe nani?

Vipande vimenyamaza huko ndani. Kitasa kinazunguka. Yosefina kasimama, mimi bado.

Niliyoyaandika Jumatatu ni uongo. Bahati sikuwahi kuwa nayo. Degedege lilimshika Kandida, na mimi ndiye niliyemnyima hospitali.